Wafungwa 142 na Wimbo wa Haleluya

Kwaya nyingi katika sharika zetu huimba Haleluya ya Handel siku ya Pasaka. Mazoezi huanza tangu Kwaresima, na siku yenyewe ikifika washarika husimama, hata wale ambao hawajaambiwa kwa nini wanasimama. Ni wachache wanaojua kwamba wimbo huo ulipoimbwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu haukuimbwa kanisani. Haukuimbwa Ujerumani alikozaliwa mtunzi wake, wala London alikoishi. Uliimbwa katika ukumbi wa muziki, kwenye mji wa bandari wa Dublin nchini Ireland, majira ya kuchipua ya mwaka 1742, na fedha iliyopatikana siku ile ilifungua milango ya magereza. Tunaisimulia habari hiyo hapa kwa sababu inatuuliza swali ambalo kwaya zetu na mabaraza yetu ya wazee hukutana nalo kila mwaka: tamasha la kumwimbia Mungu lina kazi gani, na ni kwa ajili ya nani?

Mji uliotoka katika njaa

Dublin umejengwa pale mto Liffey unapoingia baharini. Mwaka 1742 ulikuwa mji mkubwa, wenye bunge, makanisa makuu mawili, wafanyabiashara matajiri na umati wa maskini. Miaka miwili iliyotangulia ilikuwa imeuumiza vibaya pamoja na nchi nzima. Majira ya baridi ya 1739 na 1740 yalileta barafu isiyo ya kawaida, viazi vikaharibikia ardhini, kisha ukaja ukame, njaa na homa. Wanahistoria wanakadiria kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi alikufa. Watu wa Ireland waliuita mwaka 1741 mwaka wa mauaji.

Baada ya njaa huja madeni. Mtu aliyekopa ili alishe watoto alishindwa kulipa. Kwa sheria ya wakati ule, mdai aliweza kumfanya mdaiwa akamatwe na kufungwa mpaka deni lilipwe. Tufikiri kidogo juu ya sheria hiyo. Fundi viatu akifungwa, hashoni viatu; asiposhona, hapati fedha ya kulipa. Tena gerezani alipaswa kujitafutia chakula chake na kumlipa mlinzi wa gereza ada zake, na hata deni la kwanza likiisha aliweza kuendelea kufungwa kwa sababu ya ada hizo. Wengine walikaa ndani miaka kwa deni dogo ambalo tajiri angelilipa kwa chakula cha jioni moja.

Wapo watu wa Dublin walioona jambo hilo wakasikitika. Walikuwa wapenzi wa muziki waliozoea kukutana kupiga na kuimba katika nyumba ya vinywaji iliyoitwa Bull's Head, mtaa wa Fishamble, mtaa ambao zamani samaki waliuzwa. Walianzisha chama cha muziki kwa ajili ya kuwasaidia wafungwa wa madeni. Wakakusanya fedha, wakajenga ukumbi katika mtaa huohuo, na ukumbi ukafunguliwa Oktoba 1741. Majuma machache baadaye Handel akashuka Dublin.

Mtunzi na maneno yake

George Frideric Handel alizaliwa Halle mwaka 1685, katika nyumba ya Kilutheri. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji. Alifundishwa muziki na Zachow, mpiga kinanda wa kanisa la sokoni mjini humo. Alipokuwa kijana, katika mji huohuo August Hermann Francke alikuwa akianzisha nyumba ya yatima na shule ambazo sisi tuliosoma theolojia tunafundishwa habari zake mpaka leo. Baadaye Handel alikwenda Italia, kisha London, akawa raia wa Uingereza mwaka 1727, akapata jina kubwa kwa opera za Kiitaliano.

Lakini sifa za watu hazikai. Opera yake ya mwisho, iliyotolewa Januari 1741, iliimbwa mara tatu tu. Alikuwa na umri wa miaka 56, na alikuwa amekwisha kuugua kiharusi. Wakati huo Charles Jennens, mtu tajiri aliyeijua Biblia sana, alikuwa amepanga maandiko ya Agano la Kale na Agano Jipya yawe simulizi moja juu ya Kristo: kuahidiwa kwake, kuzaliwa, kuteswa, kufufuka na kuja kwake tena. Hakuandika mashairi yake mwenyewe. Alichagua mistari ya Biblia na kuipanga. Handel aliyatungia maneno hayo muziki kwa siku 24, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741. Kazi hiyo ni oratorio, yaani habari ya Biblia inayoimbwa na kwaya, waimbaji wa solo na wapiga vyombo, bila mavazi ya mchezo wala maigizo. Jina lake ni Messiah.

Alipoalikwa Dublin, aliibeba kazi hiyo pamoja naye. Alifika tarehe 18 Novemba 1741, na majira yote ya baridi alifanya maonyesho mengine katika ukumbi mpya. Messiah aliiweka akiba mpaka mwisho wa Kwaresima.

Dekano anakataza

Ili kuiimba kazi ile, Handel alihitaji waimbaji wa makanisa makuu mawili ya mji, Christ Church na St Patrick's. Hapo ndipo shida ilipotokea. Dekano wa St Patrick's alikuwa Jonathan Swift, mwandishi wa Gulliver's Travels. Januari 1742 aliwakataza waimbaji wake kushiriki katika mambo ya ukumbi wa Fishamble, na akatishia kuwaadhibu watakaokaidi.

Ni rahisi kumcheka Swift leo kwa kuwa tunajua wimbo ule ulikuja kuwa nini. Tusifanye hivyo haraka. Alikuwa mzee na mgonjwa, na katika mwaka uleule ilithibitishwa kwamba akili zake hazikuweza tena kusimamia mambo yake. Tena hakuwa adui wa maskini. Kwa miaka mingi aliwakopesha mafundi maskini wa Dublin fedha ndogondogo bila riba, na mali yake aliiacha ili ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili. Kuhusu deni na maskini, Swift alijua kuliko wengi waliokaa katika viti vya ukumbi ule.

Swali lililokuwa mbele ya kanisa lilikuwa la haki. Je, sauti zilizowekwa kwa ajili ya ibada ziende zikaimbe mahali pa tiketi? Je, mistari ya Isaya na Ufunuo iimbwe mahali ambapo juma lililopita watu walikuja kujifurahisha? Swali hilo lilirudi London mwaka uliofuata. Handel alipoiimbisha kazi hiyo katika nyumba ya michezo ya Covent Garden, mtu mmoja aliandika gazetini akiuliza kama nyumba ya michezo ni mahali pa kufaa na kama waigizaji ni wahudumu wa kufaa kwa Neno la Mungu. Handel alikuwa ameliona hilo mapema. Katika tangazo la London hakutumia jina la Messiah, aliiita oratorio mpya takatifu. Nasi tumeyasikia maswali ya namna hiyo katika vikao vyetu: kwaya iende kuimba kwenye ukumbi wa sherehe au isiende? Kijana anayepiga gitaa kwenye bendi ya mtaani, apige madhabahuni au asipige?

Hatimaye ruhusa ilipatikana, na waimbaji wa makanisa yote mawili wakaimba. Sababu iliyoweza kusemwa mbele ya mtu yeyote ilikuwa tayari imechapishwa. Mwishoni mwa Machi tangazo la gazeti liliwataja watakaopewa fedha: wafungwa katika magereza ya mji, Mercer's Hospital, na hospitali ya hisani iliyokuwa Inns Quay kando ya mto. Watu wa Dublin walijua fedha yao inakwenda wapi kabla hawajanunua tiketi.

Jumanne ya Juma la Mateso

Tarehe 9 Aprili walifanya mazoezi mbele ya watu, na sifa zikaenea. Wenye tiketi wakaombwa kwa maneno ya adabu: wanawake waje bila vile vizingo vilivyotanua magauni ya siku zile, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Ukumbi ulikuwa wa watu kama 600. Walioingia walikuwa kama 700. Ombi lile ni dogo, lakini linatufundisha jambo: heshima ya mtu mmoja ilipunguzwa kidogo ili mwingine aingie, na kila aliyeingia alimwongezea mfungwa fedha.

Siku ilikuwa tarehe 13 Aprili 1742, saa sita mchana. Kwa kalenda iliyotumika Ireland wakati ule, Pasaka ilikuwa tarehe 18, kwa hiyo siku ile ilikuwa Jumanne ya Juma la Mateso.

Kati ya waimbaji wa solo alikuwamo Susannah Cibber, mwigizaji wa London. Miaka minne nyuma mumewe alikuwa amempeleka mpenzi wake mahakamani, na mambo ya chumbani mwake yakachapwa na kuuzwa mitaani. Alikuja Dublin akiwa ameaibishwa mbele ya watu wote. Yeye ndiye aliyepewa kuimba maneno ya Isaya 53 juu ya Mtumishi aliyedharauliwa na kukataliwa na watu. Inasimuliwa kwamba alipomaliza, mchungaji mmoja, Dakta Patrick Delany, ambaye mkewe alikuwa amefariki miezi michache tu iliyopita, alisimama akamwambia kwa sauti kwamba kwa ajili ya wimbo huo dhambi zake zote zisamehewe.

Sisi Walutheri hatuwezi kuipokea kauli ya Dakta Delany kama fundisho. Dhambi haisamehewi kwa uzuri wa sauti, husamehewa kwa neema kwa ajili ya Kristo. Lakini tunaelewa kilichompata. Alisikia maneno ya Mtumishi aliyedharauliwa yakitoka kinywani mwa mwanamke aliyedharauliwa, na akaacha kumhukumu. Neno lilifanya kazi yake mahali ambapo halikutazamiwa.

Fedha iliyopatikana ilikuwa kama pauni 400. Handel hakuchukua kitu, wala wanakwaya, wala waimbaji wa solo, na gazeti la mji liliwashukuru wote kwa majina. Baada ya kugawanywa mafungu matatu, kila fungu lilikuwa kama pauni 127. Wafungwa 142 wa madeni wakatoka gerezani.

Tufanye hesabu. Pauni 127 kwa watu 142 ni chini ya pauni moja kwa kila mtu, kama shilingi 18 za wakati ule. Tiketi ilikuwa nusu gini, yaani shilingi 10 na pensi 6. Kwa hiyo tiketi mbili, za mume na mke waliokaa pamoja saa chache kusikiliza muziki, zilizidi bei ya uhuru wa mtu mmoja. Hesabu hiyo inafurahisha na inaumiza. Inafurahisha kwa kuwa watu walitoka. Inaumiza kwa kuwa kilichowafunga kilikuwa kidogo hivyo, na mji wenye watu wenye nusu gini mifukoni ulikuwa umewaacha ndani mpaka siku ile.

Jina katika kitabu cha hisa

Tungependa habari iishie hapo, lakini historia ya kweli haituruhusu. Wanahistoria wa siku zetu wamelikuta jina la Handel katika vitabu vya Royal African Company vya mwaka 1720. Alikuwa na hisa. Kampuni hiyo ilinunua Waafrika katika pwani ya Afrika Magharibi na kuwapeleka ng'ambo ya bahari kuwa watumwa. Mkono ulioandika muziki wa ukombozi ulikuwa umewahi kuandikishwa katika biashara ya kufunga watu.

Sisi ni watu wa nchi ambayo misafara ya watumwa iliivuka kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Hatuwezi kuisoma habari hiyo kama habari ya watu wa mbali. Wengine watasema, basi tuuache wimbo wake. Wengine watasema, mambo ya zamani yasitajwe, muziki ni muziki. Hatukubaliani na upande wowote. Maneno yanayoimbwa katika Messiah hayakuwa ya Handel, ni ya manabii na mitume, na maneno hayo yalimhukumu Handel kama yanavyotuhukumu sisi tunaoyaimba. Mtu anaweza kuimba vizuri juu ya Mungu anayefungua vifungo, na huku mfuko wake uko mahali pengine. Sisi wahubiri tunajua vizuri kwamba hali hiyo haikuisha na Handel. Ndiyo maana kuimba peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni kule fedha inakokwenda baada ya kuimba.

Kwa haki tuongeze kwamba mwisho wa maisha yake ulielekea upande wa Dublin. Kuanzia mwaka 1750 aliiimbisha Messiah mjini London kwa ajili ya hospitali ya watoto waliotupwa, iliyoanzishwa na Thomas Coram, baharia aliyechoka kuwaona watoto wachanga wakiachwa barabarani. Katika wasia wake Handel aliiachia hospitali hiyo nakala ya kazi yake. Alikufa tarehe 14 Aprili 1759, siku moja baada ya Ijumaa Kuu.

Ukumbi wa Fishamble haupo tena, umebaki upinde mmoja tu wa mlango. Lakini kila mwaka tarehe 13 Aprili, saa za mchana, kwaya husimama katika mtaa huo na kuimba sehemu za Messiah hadharani. Hakuna tiketi. Mwaka 1742 wananchi wengi wa Ireland, kwa kuwa walikuwa Wakatoliki, walibanwa na sheria kali, na ukumbi ulikuwa wa wenye nafasi. Sasa anayepita na kikapu chake husimama akasikiliza, na anayejua sauti yake huimba.

Na sisi

Kanisa letu lilizaliwa likiimba. Luther aliuheshimu muziki karibu sana na theolojia. Lakini mwaka 1523 Luther huyohuyo aliandika dibaji ya utaratibu wa sanduku la pamoja la mji wa Leisnig, sanduku ambalo fedha ya kanisa iliwekwa ili maskini, yatima na wazee wahudumiwe. Wimbo na sanduku vilitoka katika matengenezo mamoja. Tukivitenganisha, tunabaki na nusu ya urithi.

Miezi ya Machi na Aprili kwetu ni masika. Ndiyo miezi ya matamasha ya kwaya, uzinduzi wa albamu na sherehe za Pasaka. Kazi ni nyingi na vijana wetu hujitoa. Lakini tukiitazama bajeti, tunaona sare, jukwaa, spika, chakula cha mgeni rasmi, usafiri. Baadaye kinasomwa kiasi kilichochangwa, watu wanapiga makofi, na mara nyingi fedha hiyo inanunua vyombo vingine ili tamasha lijalo liwe kubwa zaidi. Vyombo si dhambi. Handel naye alikuwa navyo. Lakini wafungwa wetu wa madeni wako wapi?

Wapo. Yuko mama aliyechukua mkopo wa kausha damu ili amtibu mtoto, na sasa vitanda vyake vimebebwa. Yuko aliyehukumiwa kulipa faini au kwenda jela, naye yuko jela kwa sababu ya faini ambayo sare chache za kwaya zingeilipa. Yuko aliyepona lakini haruhusiwi kuondoka wodini mpaka bili imalizike. Wako katika mitaa ileile tunamobandika matangazo ya tamasha. Wengine ni washarika wetu, na wameacha kuja ibadani kwa aibu ya kudaiwa.

Watu wa Dublin walitangulia kutaja nani atapewa, wakapunguza mapambo ili nafasi iongezeke, wakaimba bila malipo, na baadaye wakatangaza mgawanyo gazetini. Mambo hayo manne yanawezekana katika usharika wowote, hata wenye kwaya ya watu kumi. Mzee wa kanisa na shemasi wakienda na mwenye deni kwa mdai wake, wakiwa na fedha ya tamasha mkononi na risiti ikaandikwa, huo nao ni utumishi wa kwaya.

Katika Sala ya Bwana, kama Mathayo anavyoiandika, tunaomba tusamehewe deni, nasi tunaahidi kuwasamehe wanaotuwia. Tunaisema sala hiyo kila Jumapili, mara nyingi dakika chache tu kabla au baada ya wimbo wa kwaya. Pasaka ijayo tutasimama tena Haleluya itakapoanza. Ni vema tusimame. Ni vema pia kabla ya siku hiyo Baraza la Wazee liwe limekaa na viongozi wa kwaya, liwe limeuliza nani katika mtaa wetu amefungwa na deni, na deni lenyewe ni shilingi ngapi.